Mchungaji wa Kondoo Mmoja

Kanisa la Chole halipo tena, na mimi sililii. Lilikuwa chumba kimoja cha mawe na chokaa, kimeezekwa makuti, na ndani yake mlikuwa na mabenchi sita yaliyoletwa kwa jahazi kutoka Dar es Salaam. Mabenchi ya kukaa watu thelathini. Kwa miaka kumi na saba hao thelathini hawakutimia hata siku moja, wala hawakufika watano. Mchungaji wake alikuwa Elia Matano. Wapo wanaosema alikuwa mtu mwema, nimewasikia kwa masikio yangu, na wote ni watu ambao hawakuwahi kumhitaji. Bibi yangu Kidawa alimhitaji mara moja, asubuhi moja, kwa maneno machache tu. Nayaeleza kama nilivyoyapata kwake, na hasira niliyo nayo nimeirithi kwake pia, maana hakuacha mali nyingine.

Matano alishuka Chole, kisiwa kidogo cha Mafia, mwaka 1898. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga Boma lao pale na walikuwa wameanza kutoza kodi ya nyumba, kwa hiyo watu hawakuwa na hamu ya mgeni mwingine mwenye karatasi. Alikuwa na umri wa miaka kama thelathini. Alivaa koti jeusi la sufu lililofungwa vifungo mpaka kooni, na viatu vya ngozi vilivyolia kila alipokanyaga. Jua la Chole halina huruma na sufu. Kufika saa tatu asubuhi alikuwa amelowa chapachapa, lakini koti halivui, kwa kuwa aliamini koti ndilo lililomfanya mtu.

Mwenyewe alikuwa mateka. Walimnyakua utotoni upande wa Nyasa, chombo kilichombeba kikakamatwa baharini na manowari, naye akalelewa misheni huko bara. Hilo si aibu. Wazee wa bibi yangu walitoka huko huko, nao hawakuja kwa hiari yao. Aibu ni kwamba Matano akiulizwa habari za kwao alisema baba yake alikuwa jumbe mkubwa. Nimesikia habari za mateka wengi waliokombolewa, na wote baba zao walikuwa majumbe. Sijasikia hata mmoja ambaye baba yake alikuwa akilima mihogo.

Aliletwa kuwahubiria watumwa wa mashamba ya minazi. Huko misheni walipiga hesabu kwamba waungwana Waislamu hawatageuka, lakini watumwa watakuja mbio. Sasa tazama akili za watu hao. Mtumwa wa Mafia alikuwa na siku mbili zake katika juma, Alhamisi na Ijumaa. Siku hizo alilima konde lake na kusuka mikeka yake. Jumapili ilikuwa siku ya mwenye shamba, na mwenye shamba hakuwa na mchezo. Matano akapiga kengele Jumapili. Akapiga mwaka mzima. Waliokuja ni mbuzi, pamoja na mzee mmoja wa Juani, kisiwa cha jirani, aitwaye Mfaume, kiziwi, aliyelipenda benchi kwa kuwa lilikuwa na mahali pa kuegemeza mgongo. Mtu mwenye akili angehamisha ibada ikawa Alhamisi. Matano aliandika barua kuomba ruhusa, na baada ya miezi saba likaja jibu kwamba Jumapili ni Jumapili. Basi akaendelea kumhubiria kiziwi, kwa sauti kubwa.

Lakini mabenchi matupu hayakumuuma sana. Kilichomuuma ni baraza ya Ameir bin Tahir.

Ameir alikuwa na minazi isiyohesabika, hapo Chole na ng'ambo, na asili ya wazee wake ilikuwa Omani. Kila siku baada ya alasiri watu wazima wa mji walikaa barazani kwake wakanywa kahawa. Matano alipita hapo kila siku. Hakuwa na haja ya kupita. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili. Alipita na koti lake, akaamkia, akaitikiwa vizuri, akaambiwa "Karibu" ile ambayo kila mtu wa pwani anaijua, karibu ya kukuambia uende salama. Hakuna aliyesogea kumpisha. Kukiwa na harusi au maulidi, wanaume hukaa wanne wanne kwenye sinia moja, na muungwana hakutia mkono sinia moja na mtumwa, wala na aliyekuwa mtumwa. Basi Matano alipelekewa chakula nyumbani, kimefunikwa kawa, wali mwingi na nyama ya kutosha. Jirani zake walisema alikuwa akila huku machozi yanamtoka. Alipewa chakula cha mtu wa kulishwa, yeye akataka kuwa mtu wa kula naye.

Miaka sita ilipita hivyo.

Bibi yangu Kidawa alikuwa mtumwa wa Ameir, katika shamba lililokuwa nyuma ya mji. Alikuwa na binti mmoja, Nunu, wa miaka tisa. Baba yake mtoto alikwisha kufa. Mwaka 1904 Ameir akamposesha binti yake Biubwa kwa mtu wa Kilwa, na katika vitu ambavyo bibi harusi angeondoka navyo, pamoja na kitanda na masanduku, alihesabiwa Nunu, awe kijakazi wake. Kilwa si mbali kwa mwenye chombo. Kwa Kidawa ilikuwa mbali sawa na kaburini.

Akamchukua Nunu, akamvusha Juani na kumficha kwa yule mzee Mfaume. Siku ya tatu watu wa Ameir wakamwona mtoto. Mbaraka, msimamizi wa shamba, akamfunga Kidawa kwenye mnazi na kumchapa kiboko mbele ya wenzake, ili wote wajifunze. Na njiani, kitabu kwapani, akawa anapita Elia Matano. Alisimama. Aliona mwanzo mpaka mwisho.

Alasiri ile akaja kibandani kwa Kidawa. Naomba hili likumbukwe, kwa sababu kuna wanaosema kwamba bibi yangu alimlazimisha: yeye ndiye aliyekuja, hakuitwa. Kidawa alikuwa amelala kifudifudi.

"Kidawa," akasema mlangoni, "serikali imekataza mambo haya. Mtumwa akipigwa hivi, bwana shauri anaweza kumwandikia hati ya uhuru, yeye na mwanawe. Nenda Boma ukashitaki. Mimi nimeona, nitasimama."

"Shikamoo mwalimu," akasema Kidawa, maana alikuwa hajapewa nafasi ya kumwamkia. "Neno hili likitoka halirudi. Nikenda Boma nikashindwa, mimi na Nunu tumekwisha."

"Nimekwambia nitasimama."

Ahadi ni deni, wasema watu. Kidawa akaenda Boma, mgongo umefungwa kitambaa. Mjerumani aliyekuwa akisikiliza mashauri akamwuliza kama yuko shahidi asiye mtumwa wa shamba lile. Akasema yuko, mwalimu wa misheni. Ikapangwa Jumamosi. Harusi ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla, na bibi harusi na mumewe wangesafiri fungate ikiisha, siku ya saba. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa hapo, mtu aweza kukihesabu kwa vidole: Jumamosi Matano akisema aliyoyaona, Nunu atabaki Chole na hati yake mkononi. Asiposema, Alhamisi inayofuata Nunu atapanda chomboni.

Jumatano, Ussi, aliyekuwa mtu wa mkono wa kulia wa Ameir, akabisha hodi kwa Matano. "Bwana Ameir anakusalimu," akasema. "Anasema kesho ni harusi ya mwanawe, na anakuomba uje ule naye."

Hakusema ataletewa. Alisema aje, ale naye.

Kama wewe si mtu wa pwani, huenda hujui uzito wa jambo hili. Ukinuia kusimama shahidi juu ya mtu mbele ya hakimu, huli sinia moja naye. Ukiitwa, unatoa udhuru kabla hujanawa mikono. Ukishanawa, ukishamega, umekula chumvi yake, na ulimi wako umefungwa kwake. Haikuandikwa popote. Hata watoto wa Chole walijua, na Matano alikuwa amekaa nasi miaka sita akitutazama tunavyokula kuliko mtu yeyote. Angeweza kusema amefunga. Angeweza kusema ana homa, tumbo linamkata, jino. Pwani hatukosi udhuru.

Akalipiga koti lake brashi, akaenda.

Ameir alimketisha kwenye sinia yake mwenyewe, pamoja na kaka yake na nahodha mmoja wa Kilwa. Akachambua nyama laini kwa mkono wake na kuisogeza mbele ya Matano, kama afanyiwavyo mgeni wa heshima. Habari ya Boma hakuna aliyeitaja. Ameir hakumwomba kitu, hakumtisha, hakumpa zawadi. Alimlisha tu. Wakazungumza habari za mvua na bei ya mbata, na Matano akacheka pale wenzake walipocheka. Wanaume waliokuwa kwenye masinia mengine walitazamana, wakaendelea kula. Kwao shauri la Jumamosi lilikuwa limekwisha hapo.

Kidawa alikuwa uani na wanawake wengine, anakuna nazi. Hata kwa mgongo ule alitakiwa kazini, harusi ni harusi. Sinia ya bwana iliporudi, mwanamke aliyeipokea akamwinamia na kumwambia ni nani aliyekula humo. Kidawa hakuacha kukuna.

"Kala mpaka mwisho?" akauliza.

"Mpaka mwisho."

Hata hivyo Jumamosi alikwenda Boma. Mtu anayezama hushika hata jani. Ameir alikuwa amepewa kiti, tasbihi mkononi. Matano akaingia, viatu vinalia. Mjerumani akamwuliza kwa Kiswahili, maneno yake mafupi mafupi: "Mwalimu, uliona nini?"

Matano akamtazama Ameir. Ameir alikuwa akitazama tasbihi yake.

"Nilipita mbali, bwana mkubwa," akasema. "Niliona watu. Sikuona vizuri."

Shauri likafutwa. Siku chombo kilipoondoka, Kidawa hakuruhusiwa kufika pwani. Walipokuwa wakitweka tanga, yeye alikuwa shambani anafua nazi, na Mbaraka amesimama nyuma yake. Wenzake ndio waliomwambia baadaye kwamba Nunu hakulia. Alidhani anakwenda kutembea.

Na Matano? Matano akapata baraza. Kuanzia juma lile alisogewa, akapewa nafasi mwisho kabisa, pale panapovuliwa viatu, na kikombe cha kahawa kikamfikia baada ya kuwafikia wote. Alikaa hapo kila alasiri, ameridhika. Kuna siku najaribu kumhurumia. Najiambia kwamba mtu aliyeporwa utotoni akaishi bila ukoo anaweza kuuza chochote apate pa kukaa. Nakaribia kabisa. Halafu naikumbuka nyama ile laini, na huruma inanitoka.

Baraza yenyewe ilidumu mwaka mmoja. Ramadhani ya mwaka uliofuata Ameir akafa, na katika wasia wake akawaacha huru watumwa wake wote, kwa kutaka radhi ya Mungu. Kidawa akawa huru bila shahidi wala hati ya Boma. Nunu hakuwamo; alikwisha kutolewa, si mali ya Ameir tena, na marehemu hawezi kuacha huru kisicho chake. Ungekuwa mwaka mmoja nyuma, mtoto angekuwamo. Watoto wa kiume wa Ameir hawakuwa na haja na Matano, na kabla arubaini haijatimia nafasi yake barazani ilikuwa imezibwa na mtu mwingine.

Jumapili ya kwanza ya uhuru wake, Kidawa alikwenda kanisani.

Mfaume alikuwa amekufa, kwa hiyo mle ndani mlikuwa na Matano peke yake na mabenchi yake. Kidawa akaketi benchi la mbele, mikono mapajani, akamtazama. Matano akadhani neema imeshuka. Akahubiri habari za kusamehe, siku hiyo na Jumapili iliyofuata. Kidawa hakuitikia, hakuimba, hakupiga magoti. Hakuomba ubatizo, wala hakuacha kuswali kwake nyumbani. Ibada ikiisha alisimama na kuondoka. Jirani wakamwuliza anafuata nini kule. "Nakwenda kumtazama," akasema.

Matano alifahamu Jumapili ya tatu. Lakini angefanya nini? Misheni ilikuwa imekwisha kumwandikia kwamba mwaka ukiisha bila msikilizaji, kituo kitafungwa naye atarudishwa bara kufundisha alifu kwa watoto. Sasa alikuwa na msikilizaji. Wali wake, koti lake, jina lake, vyote vilikaa juu ya benchi la mbele, vikamkodolea macho. Asingeweza kumfukuza, na akimwacha ndiyo macho yale kila Jumapili. Akaanza kuruka kurasa. Aliruka habari za Petro na jogoo. Aliruka Pilato kunawa mikono. Aliruka amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, na kwa kuwa amri ni kumi na mtu angehesabu, akaziruka zote. Mwishowe kitabu kizima kilimbakia gharika, nzige, na vipimo vya hekalu. Bibi alivijua vipimo vya hekalu kwa moyo mpaka uzeeni, dhiraa kwa dhiraa.

Mwaka 1908 walikuja Wazungu wawili wa misheni kukagua. Wakamkuta mwanamke ambaye hapepesi macho tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka ya mwisho. Wakafurahi mno. Mmoja akasema hajaona usikivu wa namna ile hata kwao Ulaya. Wakamwekea Matano mikono kichwani, na alipoinuka alikuwa mchungaji kamili, mwenye kola nyeupe. Kola ile aliipata kwa macho ya bibi yangu.

Kidawa alikuwa ameolewa tena, na mwaka 1907 akamzaa mama yangu, Mwatima, mtoto huru. Alimbeba hadi kanisani, akamnyonyesha pale pale mbele ya mchungaji. Kila chombo kilichotoka Kilwa alikiendea kuuliza. Mwanzo aliambiwa Nunu mzima, anaosha watoto wa Biubwa. Kisha kukawa na vita huko bara ya Kilwa, habari zikakatika. Kisha nahodha mmoja akasema nyumba ile yote imehamia Lindi. Baada ya hapo hakuna aliyejua lolote, na Kidawa aliendelea kuviendea vyombo.

Wajerumani wakahamisha Boma lao Kilindoni, Chole ikabaki na popo na wazee. Mwanzoni mwa mwaka 1915 Waingereza wakashuka kisiwani na bunduki, Wajerumani wakashikwa au wakakimbia. Barua za misheni zikakoma, na mshahara wa mchungaji pia. Hakukuwa tena na mtu wa kumwandikia kwamba msikilizaji hakosi. Sasa ndipo Elia Matano, mwenye miaka karibu hamsini, koti limechanika kwapani, alipopata ushujaa.

Jumapili moja alisimama bila kitabu. Kidawa alikuwa mahali pake, mama yangu ubavuni.

"Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi," akasema. "Mbaraka alikufunga kwa kamba ya usumba kwenye mnazi wa tatu kutoka kisimani. Nilikuwa mbali hatua kumi. Alikuchapa viboko ishirini na saba, nilivihesabu. Cha kumi na tisa ulimwita Nunu. Baada ya hapo hukuita tena. Sikuwa mbali, Kidawa. Niliona vizuri."

Hakukosea hata kitu kimoja. Miaka kumi na moja alikuwa ameyahifadhi yote, yamepangwa, tayari kwa hakimu. Alipomaliza alikuwa akilia, na nadhani alijisikia mwepesi. Mzigo ule alikuwa ameutua, akamtwika yule yule aliyefungwa kwenye mnazi.

Kidawa alingoja mpaka amalize kupangusa uso.

"Mimi nilikuwapo, mwalimu," akasema. Hakuwahi kumwita mchungaji. "Wa kuambiwa alikuwa yule Mjerumani, naye keshakwenda kwao."

"Basi nisamehe."

"Nunu ana miaka ishirini sasa," akasema Kidawa. "Nenda ukamtafute, umwombe yeye."

Akamshika mama yangu mkono, wakatoka. Jumapili iliyofuata kengele ililia, ikanyamaza, ikalia tena kwa muda mrefu kuliko desturi. Bibi alikuwa mlangoni kwake anasuka mkeka, na hakuinuka.